Shajara ya mradi: Zorki 4, lenzi ya Jupiter-8 na macho ya bibi

Siku ya 1

Imefika leo. Ni kamera ya filamu, Zorki 4, ikiwa na lenzi ya Jupiter-8, milimita 50, f/2. Namba ya mwili inaanza na 67 na ya lenzi nayo inaanza na 67, na kwa kamera za kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk karibu na Moscow tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndo mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo zote mbili ni za 1967 na huenda zimekaa pamoja tangu siku ya kwanza. Nimeishika muda mrefu kabla sijaanza kukagua chochote. Nzito, chuma kitupu, haina betri wala mita ya mwanga.

Lengo la mradi naliandika mapema nisije nikapotelea kwenye mambo mengine. Nataka picha moja ya bibi yangu akishona pale dirishani, apecha, yaani tundu la lenzi la kupitishia mwanga, ikiwa wazi yote kwenye f/2 (namba ikipanda tundu linapungua), macho yake yawe makali na vyote vya nyuma viyeyuke. Bibi ana miaka 84, bado anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, anaisogeza karibu na uso, anakunja jicho moja, halafu anapitisha. Hicho kitendo nakipenda tangu nikiwa mdogo na nimeshakipiga kwa simu mara nyingi sana lakini kila nikiangalia zile picha naona simu imenifanyia kila kitu, hiyo blaa ya nyuma imechorwa na programu. Nataka hii itoke kwenye kioo.

Kwa ambaye hajawahi kushika kamera ya renjifainda, yaani yenye kipima umbali ndani yake: huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye dirisha la pembeni, na katikati kuna kidoa cha rangi ya njano njano ambacho ndani yake kila kitu kinaonekana mara mbili. Ukizungusha lenzi, ile taswira ya pili inasogea, na zikikaa moja juu ya nyingine basi hapo ndo umefokasi, yaani kitu hicho kitatoka kikali. Ndani kuna kimkono kinachogusa nyuma ya lenzi na kusukuma kioo kidogo kila lenzi inavyoingia na kutoka. Yaani ni pembetatu tu, macho mawili yaliyoachana milimita 38 yakitazama kitu kimoja. Kitu cha karibu yanakitazama kwa kukengeza, kitu cha mbali yanakitazama sambamba.

Naomba mkumbuke hilo jambo la lenzi kutohusika na unachokiona, maana huko mbele ndo lilinitesa.

Siku ya 2

Leo sijapiga chochote, nimejifunza kuishika tu.

Sheria ya kwanza na ya muhimu kuliko zote: usiguse gurudumu la spidi kabla hujavuta shata, yale mapazia mawili yanayofungua na kufunga mwanga mbele ya filamu. Unavuta kwanza kile kifundo cha kusogezea filamu mpaka mwisho ndipo unanyanyua gurudumu, unazungusha kwenye spidi unayotaka, unaliachia lishuke. Sababu ni kwamba gurudumu lenyewe linazunguka wakati wa kuvuta na wakati wa kupiga, kwa hiyo kabla hujavuta alama haioneshi namba ya kweli, na ukilazimisha unaweza kuvunja kitu ndani. Na kwa kuwa linazunguka wakati wa kupiga, kidole kisiliguse, ukilizuia hata kidogo umeharibu spidi.

Mimi navaa miwani na kile kitundu cha kuchungulia kina ukingo wa chuma, kingekwangua kioo cha miwani siku ya kwanza tu. Nimekata kipete cha mpira laini nikagundisha. Halafu nikagundua kuna kiwiko kidogo chini ya kifundo cha kurudishia filamu, ukikisogeza unarekebisha kioo cha kuchungulia kiendane na macho yako. Nimevua miwani, nimekisogeza taratibu, na ghafla kile kidoa cha njano kikawa safi kabisa. Kama una kamera hii na unaona renjifainda ina ukungu, anza na hicho kiwiko kabla hujamlaumu mtu.

Zorki kwa Kirusi ni mwenye macho makali. Ukoo wake unaanzia kwa Oskar Barnack, yule fundi wa kampuni ya Leitz ya Ujerumani aliyetengeneza kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 ambayo ikaja kuoneshwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica. Renjifainda iliyounganishwa na lenzi ikaja na Leica II mwaka 1932. Wasovieti wakaiga, kwanza FED kule Kharkiv kuanzia 1934, na baada ya vita Zorki kuanzia 1948. Hii ya 4 wameitengeneza kuanzia 1956 hadi 1973. Lenzi nayo ina ukoo wake, ramani yake ni ile Sonnar ya Ludwig Bertele iliyotoka na kamera za Contax za kampuni ya Zeiss ya Ujerumani mwaka 1932, vioo sita katika makundi matatu, na baada ya vita ufundi huo wa Zeiss ukahamia Umoja wa Kisovieti. Vioo vimegundishwa kwa makundi ili nyuso zinazogusana na hewa ziwe chache, maana enzi zile kila uso wa hewa ulikuwa unakula mwanga na kupauka picha.

Nimeandika haya kwa sababu nilipokuwa napangusa lenzi kwa kitambaa nilikuwa nawaza mikono yote iliyopita hapo.

Siku ya 4

Kupima shata. Aliyeniuzia aliniambia inafanya kazi vizuri kabisa, sina ugomvi naye, lakini kamera ya miaka yote hiyo huwezi kuichukua kwa maneno.

Njia yangu: nimefungua mgongo, kwenye Zorki 4 unazungusha funguo mbili za chini na mgongo wote unatoka pamoja na kitako, nimeweka taa upande mmoja na simu upande wa pili ikirekodi video ya fremu 240 kwa sekunde. Halafu unahesabu fremu ambazo mwanga unaonekana. Sekunde 1 inapaswa kuwa 240, 1/8 iwe 30, 1/30 iwe 8. Kwa spidi za juu ya hapo njia hii haifai kwa sababu pazia halifunguki lote kwa mara moja, ni mwanya tu unapita, na simu haina kasi ya kutosha.

Mara ya kwanza sekunde 1 ilitoa fremu 318. 1/8 ikatoa 36. 1/30 ikatoa 9. Nikakaa nikaipiga tupu kama mara mia moja hivi, spidi zote, nikarudia kupima: 271, 32, 8. Grisi ilikuwa imelala tu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe tofauti hiyo haina madhara.

1/1000 nimeitazama kwa macho mbele ya ukuta mweupe na naona upande mmoja ni mweusi zaidi, pazia la pili linalikaribia la kwanza kabla halijamaliza safari. Basi 1/1000 nimeifuta kwenye akili yangu. Hii kamera inaishia 1/500.

Siku ya 5

Usiku nimeingia chumba chenye giza, nimetoa lenzi, nimeingiza tochi ndogo mbele na kutazama kwa nyuma. Nyota mbili. Vitundu viwili vidogo sana kwenye pazia la kwanza, karibu karibu, kama vimechomwa na kitu kimoja.

Na karibu nina uhakika ni jua. Pazia la hii kamera ni kitambaa chenye mpira, na kwa kuwa hakuna kioo cha kukinga kati ya lenzi na pazia, ukiiweka mezani ikitazama juani bila kifuniko, lenzi inafanya kazi ileile ya kioo cha kukuzia tulichochomea karatasi utotoni. Dakika chache zinatosha. Kuanzia leo kifuniko kinarudi kwenye lenzi kila nikimaliza kupiga, na kama kifuniko hakipo basi apecha inarudi f/22 na fokasi inakuwa mita 1.

Nimeziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, nikasubiri ikauke siku nzima, nikarudia kidogo tena. Isiwe nene, pazia linajikunja kwenye mrija wake na rangi nene inaweza kugandisha. Nimepima tena kwa tochi, giza tupu.

Siku ya 8

Filamu ya kwanza. Nimechagua Ilford FP4 Plus, ISO 125 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga), kwa sababu moja ya kizembe kidogo lakini inafanya kazi: kanuni ya jua kali inasema f/16 na spidi iwe sawa na ISO, na kamera ina 1/125 kamili. Hakuna hesabu. Nikitaka f/8 napandisha mpaka 1/500. Kivuli cha wazi nashuka hatua tatu, kila hatua inaongeza mwanga maradufu.

Kuweka filamu ni rahisi kwa kuwa mgongo wote unatoka, huhitaji kukata ulimi mrefu kama kwenye zile za kupakia kwa chini. Ila ukishafunga, vuta fremu moja huku unatazama kifundo cha kurudishia upande wa pili. Kikizunguka filamu inatembea. Kisipozunguka unapiga hewa. Na kaunta unaiweka sifuri wewe mwenyewe kwa mkono, haijirudishi.

Nimepiga nje fremu kama ishirini na tano, watu wakitembea, miti, baiskeli, watoto wakicheza, nyingi f/8 kwa 1/500. Raha ya ile dirisha la kuchungulia sikuitegemea, kwa kuwa huoni kupitia lenzi basi hakuna kiza wakati wa kupiga, unamuona mtu kabla, wakati na baada, jicho lake likifumba unaliona likifumba palepale.

Jioni nikaingia kwa bibi. Shikamoo, marahaba, akaendelea na kazi yake. Fremu kumi za mwisho zote ni yeye dirishani, f/2, 1/60, umbali kama mita 1 na robo. Lenzi hii haina mibonyeo kwenye pete ya apecha, inateleza tu, na ukishika vibaya wakati wa kufokasi unaisogeza bila kujua, kwa hiyo kila fremu nilikuwa naichungulia tena kabla ya kupiga. Nikachukua mstari wa fremu ya miwani yake karibu na jicho kama kitu cha kufokasia, zile taswira mbili zikikaa pamoja napiga.

"We mtoto, unachungulia nini muda wote huo na hupigi?"

"Subiri kidogo bibi, nakutafuta macho."

"Macho si haya hapa."

Siku ya 9

Kusafisha. ID-11, dawa moja kwa maji moja, dakika 11 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba yalikuwa yamepita nyuzi 20 kwa hiyo nimetumia vipande vya barafu kwenye beseni la nje, kamwe sio ndani ya dawa. Kugeuza tangi mara nne katika sekunde kumi za kwanza na kurudia hivyo kila dakika ikianza. Kisha stopu (ya kusimamisha dawa), fiksa (ya kuifanya picha idumu), na kuosha kwa ile njia ya kujaza maji na kugeuza mara 5, kumwaga, mara 10, kumwaga, mara 20. Haili maji mengi.

Nilipoitoa kwenye rili ikiwa bado inatiririka nikainua juu ya taa. Fremu zipo! Mistari yake imenyooka, nafasi kati ya fremu na fremu zinakaribiana, hakuna nyota za vitundu, hakuna mwanga uliovuja pembeni. Nilipiga kelele peke yangu.

Siku ya 10

Nimeskani. Za nje ni safi, safi kweli. Kuna moja ya mti ambayo gome lake unaweza kulihesabu mikunjo.

Za bibi zote kumi zimekosa. Macho ni laini, nyusi ni laini, miwani ni laini. Kwanza nikadhani nilitikisika, kwa 1/60 inawezekana, lakini kutikisika kunavuta kila kitu upande mmoja na hapa hakuna kilichovutwa. Nikadhani labda ndo hizi lenzi za zamani zilivyo zikiwa wazi. Nilianza hata kuandika hapa kwamba Jupiter-8 kwenye f/2 ni laini, na ningeishia hapo ningekuwa nimeisingizia lenzi.

Ilikuwa fremu ya 33. Bibi ameinua sindano mbele ya uso, anatunga uzi. Nikakuza kwenye skrini kutazama jicho, laini kama zingine, na wakati nasogeza picha kwenda pembeni nikapita kwenye vidole vyake. Vidole vikali. Kucha ya dole gumba ina mstari, unaonekana. Ncha ya uzi imechanua nyuzi tatu na unaweza kuzihesabu zote tatu, na tundu la sindano lina mwanga ndani yake.

Nilifokasi jicho. Sindano ilikuwa mbele ya jicho kama sentimita saba. Lenzi ni kali, na imetua pale ambapo sikuiambia itue.

Siku ya 11

Sijalala vizuri nikiwaza hili jambo, na nadhani nimelielewa.

Kama renjifainda imepinda kidogo, kila nikifokasi kamera inakwenda mbele ya kile ninachokitaka. Swali ni kwanini picha za nje zilitoka safi, na jibu ni f/8. Chukua mtu aliye mita 5. Kamera yangu, kwa hesabu niliyofanya leo, ilikuwa inamweka kwenye mita 4. Lakini lenzi ya 50 ikiwa f/8 na fokasi mita 4 inabeba ukali kuanzia karibu mita 3 mpaka 6 na nusu, mtu wangu yumo humo ndani anakaa raha mustarehe. f/8 ilikuwa inaficha ugonjwa. Kwenye f/2 kwa mita 1 na robo unabeba sentimita saba hivi kwa jumla, nusu mbele nusu nyuma, hakuna pa kujificha.

Ndo maana mtu anaweza kukuuzia kamera hii akakuapia kwamba iko sawa na akawa hasemi uongo.

Siku ya 12

Kipimo chenyewe. Nina vitu viwili vinavyoweza kuwa vibaya: lenzi yenyewe (mtu akiifungua na kusahau kurudisha vile vipete vyembamba vya ndani, inakuwa inaandika umbali wa uongo) au renjifainda. Ukianza kuzungusha skrubu bila kujua ni ipi unaharibu iliyo nzima.

Nimeondoa mgongo, nimechukua kipande cha kioo kinachokaa kwenye zile reli filamu inapolala, nimebandika selotepu ya ukungu upande unaotazama lenzi. Kamera kwenye tripodi, spidi B (shata inabaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa), waya wa kupigia umefungwa usiachie, apecha f/2. Nimejifunika kitambaa cheusi kichwani na kutazama ile selotepu kwa kioo cha kukuzia. Picha ipo pale, kichwa chini miguu juu, inapepea na rangi zake zote. Nimewahi kusoma kuhusu hii kitu mara nyingi ila kuiona mwenyewe ni jambo lingine, mnara wa mbali ukiwa umesimama juu ya selotepu mkubwa kama punje ya mchele.

Lenzi nimeipeleka mpaka mwisho, alama ya mbali kabisa. Mnara ni mkali. Nikarudisha lenzi nyuma kidogo, ukalegea. Kwa hiyo lenzi inasema kweli.

Sasa bila kugusa chochote nikachungulia dirishani. Minara miwili. Imeachana kidogo tu, upana wa nguzo yenyewe. Kuipata iwe mmoja ilibidi nirudishe lenzi mpaka kama mita 20 hivi. Basi mwongo ameonekana. Tofauti ya mita 20 na mbali kabisa ukiihesabu kwa ile pembetatu ya milimita 38, ukaileta mpaka mita 1 na robo, unapata sentimita saba na kidogo. Zilezile za sindano. Nilipoona hesabu imekubaliana na uzi wa bibi niliweka kalamu chini nikatoka nje kutembea.

Siku ya 13

Marekebisho yenyewe yamechukua muda mfupi kuliko kujiandaa. Mbele ya kamera kuna skrubu ya kufunika tu, ukiitoa ndani unaiona nyingine ndogo ambayo ndo ya kazi. Bisibisi iwe ya saizi yake kamili, hizi skrubu zinakwanguka haraka. Kamera kwenye tripodi, lenzi mwisho kabisa, jicho dirishani, mkono unazungusha. Kidogo sana! Robo ya robo ya mzunguko na ile minara ikapitana na kuachana upande wa pili. Nikarudi nusu yake. Nikarudi tena. Nikaacha, nikapumzisha macho, nikachungulia upya: mnara mmoja.

Juu na chini taswira hazijaachana kwenye yangu, kwa hiyo hapo sijagusa.

Halafu nikahakikisha kwa karibu, maana mbali kukaa sawa hakuhakikishi karibu. Kwenye Zorki kile kimkono kinachogusa lenzi kina ncha ya kama kabari, sio gurudumu kama la Leica, na mtu akikipinda huko nyuma basi mbali inakuwa sawa na karibu inakosa. Nimelaza rula kwa mshazari, nimesimamisha kijiti kwenye sentimita 30 yake, nimefokasi kijiti kwa dirisha nikiwa mita 1, nikatazama selotepu. Kali kabisa ni kati ya 29 na nusu na 30. Nimerudia mara sita, mara moja tu ilikwenda 31, na hiyo nadhani ni jicho langu. Nimefunga.

Siku ya 16

Filamu ya pili, FP4 tena, sitaki kubadili vitu viwili kwa pamoja. Sikutoka nje kabisa. Fremu zote 36 ni bibi na dirisha na mashine yake ya kushonea. f/2, 1/60, umbali uleule. Safari hii alinizoea, baada ya fremu ya kumi hivi alisahau kwamba nipo, akawa anaimba chini chini, na hiyo shata ya kitambaa haimsumbui kwa sababu haina kioo cha kupiga juu kama zile kamera kubwa, ni mlio mmoja mfupi.

Jambo moja nimejifunza kuhusu kufokasi mtu anayetembeza kichwa: usimfuate kwa kuzungusha lenzi huku na huku. Weka lenzi kwenye umbali, halafu wewe mwenyewe egemea mbele au nyuma sentimita chache mpaka taswira zikutane, hapo piga. Mwili una wepesi kuliko pete ya lenzi.

Siku ya 17

Imekauka, nimeskani usiku huuhuu.

Fremu ya 14. Bibi ameinua sindano, jicho moja limekunjwa, jingine liko wazi na ni kali, kali mpaka unaona dirisha lote limekaa ndani ya mboni, mbao zake nne na mimi nikiwa kivuli katikati. Kope zinahesabika. Sikio limeshaanza kulainika na ukuta wa nyuma umekuwa mawingu. Na ile hali ya Sonnar ambayo watu wanaisema, yale mapito ya taratibu kutoka kwenye ukali kwenda kwenye ulaini, ipo shavuni kwake pale mwanga unapogeuka. Nimeitazama mpaka saa nane usiku.

Katika zile 36, macho yamekaa vizuri kwenye 22. Nne nilitikisika, zilizobaki alisogea baada ya mimi kufokasi. Hakuna hata moja ambayo kamera ilikwenda mbele kwa hiari yake.

Siku ya 19

Nimechapisha mbili, ile ya 33 ya filamu ya kwanza na hii ya 14, nikampelekea bibi bila kumwambia ipi ni ipi. Akavaa miwani, akaisogelea ile ya 14, akaitazama muda mrefu, akasema amezeeka lakini amependeza. Kisha akainua uso.

"Uzi uko wapi?"

Nikamuonesha kwamba ule pale, ile michirizi ya ukungu mbele ya vidole. Akachukua ile nyingine, ya 33, akaweka kidole kwenye zile nyuzi tatu zilizochanua.

"Hapa ndo mimi natunga uzi. Kule nakutazama tu."

Nimeondoka na hilo. Sina la kumjibu kwa sababu anasema kweli, ile kazi yake iko mkononi na mimi nimeifuta ili nipate jicho.

Siku ya 20

Hesabu ya leo. Jicho na sindano vimeachana sentimita saba. Kwa f/4 kwenye umbali ule napata kama sentimita kumi na nne, zinatosha vyote viwili ikiwa fokasi itakaa katikati yao, na katikati hakuna kitu cha kufokasia, ni hewa tupu. Kwa hiyo nafokasi jicho kisha naegemea nyuma sentimita tatu na nusu hivi, nimefanya mazoezi leo na rula begani mwa kiti. f/4 inaninyima hatua mbili za mwanga na sitaki kushuka 1/15 kwa mikono inayotembea, basi filamu ya tatu ni HP5 Plus, ISO 400, ili nibaki 1/60. Imeshaingia, kifundo kinazunguka, kaunta nimeirudisha sifuri. Bibi ameniambia nije saa kumi jioni, mwanga wa dirisha ukiwa upande wake.